Nguzo Zilizochipua Majani

Vifaa vyote vya somo lile vilienea ndani ya kopo moja la majani ya chai: betri mbili za tochi, vipande vitatu vya waya, balbu ndogo na msumari. Nilivinunua mwenyewe Morogoro Mjini, kwa kuwa shule yetu, iliyokaa mteremkoni mwa Uluguru juu ya barabara ya Matombo, ilikuwa na kabati la sayansi lenye kufuli imara na ndani yake hamkuwa na kitu. Nilikuwa mwalimu pekee wa sayansi pale. Nalitaja hilo mapema kwa sababu lina uzito katika habari hii, ingawa miaka kumi na mmoja ilipita kabla sijaujua uzito wenyewe.

Mada ilikuwa vipitishi na vihami. Kipitishi ni kitu kinachoruhusu joto au umeme kupita ndani yake. Kihami ni kile kinachozuia. Nusu ya kwanza ya mada hiyo, ile ya joto, watoto wa darasa la saba walikuwa wameimaliza jikoni kwao zamani. Nilipowauliza kwa nini mama zao husonga ugali kwa mwiko wa mti wala si kwa kijiko cha chuma, walinionea huruma.

“Ataungua, mwalimu.”

“Bibi yangu anaipua sufuria bila kitambaa!” alisema mmoja wa nyuma.

“Bibi yako mikono yake ya kiboko,” akajibiwa, na darasa likaangua kicheko.

Niliwaacha wacheke, kisha nikahamia kwenye umeme. Nikaunganisha betri, waya na balbu, nikaacha pengo katikati ya waya, na katika pengo hilo tukawa tunaweka kitu kimoja baada ya kingine. Msumari ulipowekwa, balbu iliwaka. Kijiko cha bati, ikawaka. Rula ya plastiki, giza. Kipande cha ndala, giza. Kijiti nilichokiokota chini ya dirisha, giza. Ubaoni nilichora jedwali kama lilivyo kwenye kitabu, safu mbili, na upande wa vihami nikaandika: plastiki, mpira, kioo, mti.

Ndipo binti mmoja aliyekaa dawati la dirishani aliponyoosha mkono. Alikuwa mrefu kupita wenzake, sweta lake limefumuka mkono wa kushoto, na alikuwa na tabia ya kuuliza swali akiwa amekwisha kusimama.

“Mwalimu, hicho kijiti ni kikavu. Na mti mbichi je?”

Sikumjibu kwa maneno. Nilimwambia alete. Akatoka mbio, akarudi na tawi la mpera lenye majani yake, bado linatoka maji pale alipolivunja. Nikalimenya kidogo kila upande, nikaligusisha waya. Balbu haikuwaka. Nikasogeza waya karibu zaidi, mbele ya macho ya darasa zima. Haikuwaka.

“Umeona?” nilisema. “Mti ni mti.”

“Mwanasayansi!” walimzomea wenzake. Alicheka pamoja nao, akakaa, akaandika. Jioni, nikisahihisha madaftari, nilikuta katika jedwali lake ameongeza maneno yasiyokuwamo ubaoni: *Mti (mkavu na mbichi) – kihami.* Nikapiga tiki nyekundu, na pembeni yake nikaandika: Vizuri sana.

Chuoni nilikuwa nimesoma kwamba maji yenye chumvi hupitisha umeme. Nilijua pia kwamba ndani ya mti mbichi mna maji, na ndani ya maji hayo mna chumvi zilizonyonywa kutoka ardhini. Mambo hayo mawili yalikaa kichwani mwangu kama majirani wasiosalimiana. Nilikuwa na diploma, na nilikuwa na balbu isiyowaka; nikaamini balbu.

Binti yule aliishi na mama yake hatua mia hivi juu ya barabara, katika nyumba ya matofali ya kuchoma iliyozungukwa na migomba na matuta ya kabichi. Baba yake alikuwa kibarua kwenye mashamba ya miwa, akija kwa nadra. Hilo halikuwapunguzia kitu kikubwa, maana kwa Waluguru mtoto ni wa ukoo wa mama yake, na mwenye neno juu yake ni mjomba. Mjomba wa binti huyu alikaa chini, kando ya barabara, mahali nguzo za umeme zilipopita. Mwaka ule alikuwa amevutiwa umeme nyumbani kwake. Akaona si haki yeye alale kwenye mwanga huku mpwa wake, aliyebakiwa na miezi michache kabla ya mtihani wa kumaliza shule ya msingi, akisoma kwa kibatari kinachomtia masizi puani. Akaamua kuupandisha umeme huo mwenyewe hadi kwa dada yake.

Nilikutana naye njiani mwanzoni mwa masika, mchana baada ya vipindi. Alikuwa na panga mkononi na mzingo wa waya begani.

“Shikamoo, mjomba,” nilimwamkia. Kijiji kizima kilimwita hivyo.

“Marahaba, mwalimu. Simama kidogo. Huyu mpwa wangu siku hizi ananifundisha. Ananiambia mti haupitishi umeme, hata ukiwa mbichi. Kanionyesha na daftari, eti mwalimu kapiga tiki. Kweli, au anatafuta taa kwa nguvu?”

“Kweli,” nilisema. “Mti ni kihami.”

“Basi hata hawa waliosimika nguzo za barabarani walisoma kwako. Si miti mitupu ile?”

“Si unaona?”

Tukacheka. Nilikuwa na haraka. Mkononi nilishika bahasha yenye barua yangu ya kuomba uhamisho wa kwenda mjini, walikokuwa mume wangu na wanangu, na bodaboda wa kunifikisha Mkuyuni alikuwa amekwisha kupiga honi mara mbili. Kama ningesimama dakika moja zaidi, ningemwambia aziangalie vizuri nguzo za barabarani: kwamba zimekaushwa na kutiwa dawa, na kwamba hata hivyo waya haugusi mti, unakaa juu ya vikombe vya kaure. Alikuwa ameviona vikombe hivyo. Baadaye aliniambia alidhani ni vya kufungia tu.

Kuna jambo moja ambalo mgeni wa milima ile huenda asilijue. Huku hakuna anayesimika nguzo kavu. Nguzo kavu ni chakula cha mchwa. Msimu mmoja na imeanguka. Mtu akitaka ua, akitaka zizi, akitaka cha kuegemeza mgomba, hukata miti mibichi wakati wa masika na kuisimika papo hapo, ishike mizizi, idumu. Ni kazi ya akili, imerithiwa na imethibitishwa na vizazi. Mjomba alifanya kama walivyofanya waliomtangulia: alikata nguzo tisa, zenye kimo cha mtu na shibiri mbili, akazisimika kutoka kwake hadi kwa dada yake, na kwenye kila nguzo akaulaza waya juu ya gome na kuubana kwa msumari uliokunjwa.

Taa iliwaka Jumamosi moja kabla ya jua kuzama. Niliitwa. Mama wa binti alipika viazi vitamu na chai ya maziwa, majirani wakajaa uani, na mjomba akamwacha mpwa wake abonyeze swichi. Balbu ilipowaka, mama yule alipiga vigelegele, kisha akaona aibu, akajifuta uso kwa kanga.

“Sasa ukifeli ni wewe na Mungu wako,” mjomba alimwambia binti. “Sisi tumemaliza.”

“Sifeli,” alijibu.

“Mwalimu, umesikia? Wewe ni shahidi.”

Nikasema nimesikia.

Wiki chache baadaye nguzo zilianza kuchipua. Kwanza vijicho vyekundu kwenye gome, halafu majani mabichi, mapana, yenye kung'aa kwa mvua. Nilipita hapo kila siku. Nilipiga picha moja kwa simu, nikamtumia mume wangu na maneno haya: huku kwetu hata nguzo za umeme zinaota. Akanijibu kwa vikatuni vya kucheka. Picha ile ninayo hadi leo. Ukiikuza, unauona msumari, na unaona jinsi gome lilivyovimba kuuzunguka.

Asubuhi ya mwisho wa Mei, baada ya mvua ya siku mbili mfululizo, nilikuwa darasani nikisahihisha hesabu tulipozisikia kelele. Hazikuwa kelele za msiba, zilikuwa neno moja linalorudiwa, “Zima! Zima!” Darasa zima lilikimbilia dirishani. Binti yule hakukimbilia dirishani. Alitoka mlangoni.

Yaliyotokea niliyajua baadaye kwa kuunganisha ya huyu na ya yule. Mbuzi wao alikuwa amesimama kwa miguu ya nyuma, ya mbele ameiegemeza kwenye nguzo ya sita, akila majani. Mama alitoka jikoni akamkuta amelala kando ya nguzo, kamba imejizungusha, ulimi nje. Akadhani amejinyonga. Ili amfungue, aliishika nguzo kwa mkono wa kulia, chini kidogo ya msumari, peku, juu ya udongo uliolowa. Mkono haukuachia. Jirani aliyekuja kumvuta akarushwa, na huyo ndiye aliyepiga kelele. Mjomba alikuwa bondeni kwenye kabichi. Hadi alipopanda na kuishusha swichi kuu nyumbani kwake, dada yake alikuwa amekwisha kuanguka, na kiganja kilichoishika nguzo kilikuwa cheusi.

Walimshusha kwa blanketi hadi barabarani, na kwa gari la mboga hadi mjini hospitali. Alikatwa vidole viwili. Vilivyobaki havikunjiki, na kiganja hakisikii kitu, si baridi wala moto. Alirudi baada ya wiki tatu.

Kikao cha ukoo kiliitishwa mwezi wa sita. Kilikuwa na swali moja tu: nani atakuwa mikono ya mama yule? Matuta yalihitaji kupaliliwa, kuni na maji vilihitaji kubebwa, na mtihani ulikuwa Septemba. Desturi ilikuwa wazi. Aliyeleta madhara ndiye anayetoa mikono. Kama kosa lilitoka shuleni, binti hakuwa na hatia, na mjomba aliyeuvuta waya angeleta mtu kutoka nyumbani kwake, binti amalize masomo. Kama kosa lilikuwa la binti, kwa kuwa ndiye aliyepeleka nyumbani maneno asiyoyaelewa, basi binti angebaki.

Siku moja kabla ya kikao, mwalimu mkuu aliniita ofisini. Hakuwa mtu mbaya. Alifunga mlango, akanisogezea kiti.

“Mwalimu, ulisema mti mkavu.”

“Sikusema, mkuu.”

“Nasema kesho, ulisema mti mkavu. Kitabu kinasema mti, wewe uliongeza neno mkavu kwa uangalifu wako. Uliyosema njiani hakuna aliyeyaandika.”

“Na daftari la mtoto?”

“Mtoto anaweza kuandika vibaya. Ndiyo maana ni mtoto.” Akatazama meza. “Barua yako ya uhamisho iko wilayani. Unataka ikutane na barua nyingine huko?”

Hakunitisha, ningependa kuandika kwamba alinitisha. Alinifungulia mlango tu, na mimi nikapita.

Tulikaa uani kwa mama yule, wazee kwenye viti, sisi wengine mikekani. Nguzo zilikuwa zimeng'olewa na kulazwa kando ya jiko, na hata zikiwa zimelala bado zilikuwa na majani. Mama alikaa karibu na kaka yake, mkono umefungwa bandeji hadi kwenye kiwiko. Binti alikaa nyuma yao. Juu ya magoti yake palikuwa na daftari la sayansi.

Mzee wa kike aliyeongoza kikao, bibi wa ukoo, alimuuliza mjomba alipata wapi habari kwamba mti hauna hatari.

“Mtoto alinionyesha daftari,” alisema mjomba. Akanitazama. Alingoja. Kisha akasema tena, polepole, “Mtoto alinionyesha.”

Bibi akanigeukia. “Mwalimu, tusaidie. Wewe ulifundisha nini?”

Nilikuwa nimevaa gauni la kitenge nililolivaa siku ya mahafali yangu. Nakumbuka nililivuta kufunika magoti. Nikasema, “Nilifundisha kwamba mti mkavu ni kihami. Nguzo zile hazikuwa kavu.”

Sentensi zote mbili zilikuwa safi. Ya pili ilikuwa hata kweli.

Mjomba alifungua mdomo. Dada yake alimgusa kwa mkono wake mzima, akaufunga. Sikujali maana ya mguso ule. Nilishukuru tu kwamba amenyamaza.

“Wewe,” bibi alimwambia binti. “Mwalimu alisema mkavu?”

Daftari lilikuwa limefunguliwa. Nilikuwa karibu kiasi cha kuuona wino wangu mwekundu. Binti aliutazama ukurasa, akanitazama mimi, wala si kwa hasira. Alinitazama kama alivyonitazama siku nilipomwambia alete tawi, mtu anayengoja jibu. Halafu akalifunga daftari, akalikalia.

“Alisema mkavu, bibi. Mimi nilisahau.”

“Umesahau,” alisema bibi, “na mama yako hana mkono.”

“Ndiyo, bibi.”

Kikao hakikuchukua muda baada ya hapo. Jumatatu dawati la dirishani lilikuwa na mtu mmoja badala ya wawili.

Wiki ile ile, nikiwa peke yangu nyumbani, nilitoa kopo langu, nikakata tawi la mpera, nikarudia jaribio. Sijui niliomba nini. Balbu haikuwaka. Nikaliloweka tawi kwenye maji, nikarudia. Haikuwaka. Nilihisi nafuu ambayo bado naionea aibu, maana nilijiambia: hata ningekuwa makini namna gani, nisingeona.

Julai nilishuka mjini, nikaenda kwa fundi umeme mmoja anayetengeneza redio na pasi karibu na stendi. Nilijifanya nauliza kwa ajili ya somo. Alichukua kipimo chake chenye mshale, akachomeka ncha zake mbili kwenye tawi bichi nililolibeba. Mshale ukasogea.

“Unapita,” alisema.

“Mbona kwenye balbu hauonekani?”

“Betri zako nguvu yake ndogo, na balbu inataka mkondo mwingi ndipo iwake. Ukileta umeme wa nyumbani, ukatia na mvua, ukatia na msumari uliokata ngozi ya waya, huo mti unakuwa waya mbovu. Mbovu, lakini waya.” Akaweka kipimo chini. “Na moyo wa mtu, mwalimu, hautaki mwingi kama balbu.”

Nilimshukuru. Ilikuwa Julai. Agosti nzima ilikuwa mbele yangu. Ningeweza kupanda njia ile jioni hiyo hiyo na kuketi kwenye mkeka ule ule na kusema maneno manane au tisa, na binti angerudi dawatini akiwa na wiki saba za kujiandaa. Alikuwa na akili ya kuzitumia. Nilirudi kijijini na kufundisha mfumo wa jua. Septemba mtihani ulifanyika. Namba yake ya mtihani ilibandikwa kwenye dawati, kwa kuwa jina lilikuwa limekwisha kusajiliwa, na dawati lilikaa na namba yake siku zote mbili.

Januari barua yangu ilijibiwa. Nilihamia mjini.

Tangu hapo nimefundisha mada ile kila mwaka, katika shule yenye umeme na ukuta uliopakwa rangi. Naongeza mstari usiokuwamo kitabuni, nasema habari za mti mbichi na mvua na vikombe vya kaure, na wanafunzi wangu wa mjini wanaandika bila kuinua kichwa. Hakuna hata mmoja wao atakayesimika nguzo.

Mwaka jana yule mwalimu mkuu alifariki, akiwa mstaafu, na sisi tuliofanya naye kazi tulipanda kwenda kuzika. Baada ya mazishi nilikuwa nikishuka njia ile kuelekea barabarani, nikaitwa.

“Mwalimu! Unapita kama mgeni?”

Alikuwa mama yule, amezeeka kidogo, kanga kichwani. Alinikaribisha jikoni kwa kuwa kulikuwa na manyunyu. Binti yake alikuwepo, mwanamke sasa, ana mtoto mgongoni na tope la shamba miguuni. Alipiga goti kidogo, akaniamkia, “Shikamoo, mwalimu,” kwa sauti ile ile. Akaniuliza habari za wanangu, akacheka nilipomwambia mkubwa anasoma uhandisi, akasema hongera. Kisha akaniaga, kwa kuwa kabichi zilikuwa zinangoja kufungwa kabla gari halijapita. Nilimsikiliza akiteremka.

Nilikuwa nimelibeba neno langu miaka yote. Nikalitoa pale, kwenye kigoda, bila mpangilio wowote. Nikasema sikusema mkavu. Nikasema mtoto aliuliza, na mimi nikamjibu vibaya, na kwenye kikao nilidanganya.

Mama yule alikuwa akichochea moto. “Tunajua,” alisema.

Sikuelewa.

“Mimi nilisoma hadi darasa la saba, mwalimu. Daftari nililiona. Mkavu na mbichi, na tiki yako, na vizuri sana.” Alipuliza moto, akaendelea. “Kaka yangu alitaka kusema pale pale. Nilimzuia. Na huyu binti nilikuwa nimemwambia usiku wa kuamkia kikao: ukimwaibisha mwalimu, atahama. Hapa kabla yako tulikaa miaka minne bila mwalimu wa sayansi. Walikuwepo watoto sitini nyuma yake. Nikamwambia, wewe ni mmoja.”

“Na yeye akakubali?”

“Alilia. Halafu akasema tulichukue daftari hata hivyo, kwa sababu mwalimu atasema mwenyewe. Akiliona tu, atasema. Ungesema mwenyewe isingekuwa aibu. Ingekuwa kosa tu, na kosa mtu husamehewa.” Akainua mfuniko wa sufuria, akautazama mvuke. “Tulikungoja, mwalimu.”

Mvua ilikuwa inagonga bati.

“Halafu ukahama Januari,” alisema, kama mtu anayetaja mwaka wa mavuno mabaya.

“Watoto walikaa muda gani?” niliuliza. “Bila mwalimu.”

“Mitatu. Akaja kijana, naye hakukaa.”

Chai ilikuwa imechemka. Aliipua sufuria kwa mkono wa kulia, mtupu, bila kitambaa, akiubana ukingo wake kati ya kiganja na vidole visivyokunjika, akamimina kikombe cha bati hadi juu na kunikabidhi kwa mkono ule ule. Nilikipokea. Kiliniunguza vidole vyote, na sikukiweka chini hadi kilipopoa.